Jinsi ya kutazama somo la mkufunzi mwenzako bila kugeuka mkaguzi

Kila muhula ukianza, wakufunzi wawili watatu hupewa barua ya kuwa waangalizi wa masomo chuoni kwao, na kila muhula huja na maswali yaleyale. Nikae wapi? Nimjulishe au nimshtukize? Akikosea nimsahihishe palepale? Ile fomu yenye visanduku vingi naijaza saa ngapi? Barua yenyewe huwa na mistari minne na mhuri, haielezi lolote. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, kwa hiyo nimeyaweka yote hapa.

Ninaandika nikiwaza vyuo vya ufundi stadi na vyuo vya ualimu vya Tanzania, maana ndiko nilikozoea. Ukiwa Kenya utabadilisha majina ya vyeo na fomu, kazi ni ileile.

Kitu kimoja cha kujua kabla hatujaanza. Wengi wetu tulisoma enzi za mkaguzi: gari likionekana getini, ubao unafutwa, andalio la somo linaandikwa mbiombio, na mwalimu mkuu anakumbuka ghafla kuvaa tai. Siku hizi idara inaitwa Uthibiti Ubora wa Shule, ila hofu yenyewe haikubadilishwa jina. Ukiingia darasani na daftari, mwenzako analiona lile gari. Utamwambia mara kumi kwamba umekuja kusaidia, hataamini. Ataamini siku atakaposoma ulichoandika.

Wewe ni jicho la pili, basi. Anayefundisha hawezi kuchora ubaoni na wakati huohuo kuhesabu nani wa meza ya nyuma hajashika bisibisi tangu asubuhi. Wewe unaweza.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Daftari lisilo rasmi. Fomu ya chuo ibaki kwenye bahasha mpaka somo liishe, nitaeleza kwa nini.
- Kalamu mbili, na saa ya mkononi. Usitegemee saa ya simu. Ukiishika simu dakika moja tu, darasa zima litajua mgeni anachati.
- Nakala ya andalio la somo, na ukurasa wa azimio la kazi (mpango wa mada za muhula) wenye mada ya siku hiyo.
- Mchoro wa ukaaji: viboksi tu vya meza, bila majina. Uchore siku moja kabla.
- Kama ni karakana, ovaroli na viatu vilivyofunika vidole. Mwangalizi aliyevaa kandambili karakanani ameshafundisha somo lake mwenyewe, na ni baya.
- Ahadi ya mkuu wa idara kwamba karatasi zako haziingii kwenye tathmini ya utumishi. Tangu PEPMIS, mfumo wa kielektroniki wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, ulipochukua nafasi ya ule wa zamani wa OPRAS, mtumishi anajua kila kitu kinaweza kugeuka alama. Usipolipata jibu hili mapema, kila utakachokiona kitakuwa maigizo.
- Na wewe mwenyewe uwe umeshatazamwa. Hili silipunguzi. Mwalike unayetaka kumtazama aje kwako kwanza, akae, aandike, akuambie. Ukishahisi jasho la mgongoni ukiwa umeshika chaki, lugha yako itabadilika yenyewe.

Hatua ya 1: Kubalianeni siku, msishtukizane

Swali la kushtukiza huulizwa na wageni wa kazi hii kila mara, kwa hoja kwamba ukimjulisha mtu atajiandaa. Ajiandae! Ukiona somo aliloliandaa vizuri, utajua upeo wake uko wapi. Ukimvamia, utaona hofu yake tu, na hofu haifundishiki.

Hatari ya kujulishana ni nyingine: somo la kurudia. Niliwahi kukaa darasani nikaona wanachuo wamefungua ukurasa wa 47 kabla mkufunzi hajataja kitabu. Somo lilikuwa limefundishwa Jumanne, na mimi nilikuja Alhamisi. Dawa yake ni kutazama mada inayofuata kwenye azimio la kazi, mkachagua siku ambayo mada hiyo inafika kwa zamu yake.

Hatua ya 2: Zungumzeni dakika kumi na tano kabla

Si lazima ofisini. Chini ya mwembe panatosha, chai ikiwepo ni bora zaidi. Uliza maswali matatu, kisha uandike majibu kwa maneno yake:

Mwisho wa kipindi, mwanafunzi ataweza kufanya nini ambacho saa hii hawezi?

Ni wapi unadhani watakwama?

Unataka nikutazamie nini?

Swali la tatu wengi hulikimbia. "Tazama tu chochote, mwalimu." Usikubali, maana chochote ni fomu nzima. Mpe mifano achague mwenyewe: maswali unayouliza na nani anayajibu, muda unaosubiri jibu, nani anashika vifaa, maelekezo ya kazi yanaeleweka au yanarudiwa, lugha inabadilika wapi.

Hilo la lugha lina uzito vyuoni kwetu. Vitini vingi viko kwa Kiingereza, mtihani mara nyingi kwa Kiingereza, na darasa linaamka mkufunzi anapotoa mfano kwa Kiswahili. Mkufunzi mwenyewe mara nyingi hajui anahama lugha dakika gani na kwa nini. Andika tu saa na sentensi. Ukimsomea baadaye, atashangaa kuliko wewe.

Chagueni jambo moja. Mawili ni mengi tayari.

Hatua ya 3: Fika mapema, kaa ubavuni

Waangalizi wapya hukimbilia kiti cha nyuma kabisa. Kule utaona migongo. Unachotaka ni nyuso na mikono, kwa hiyo kaa ubavuni, theluthi ya mbele, upande ambao mwanga wa dirisha hauko machoni pako. Uwe umeshakaa kabla kengele haijalia. Mkufunzi akutambulishe kwa sentensi moja: "Huyu ni mwenzangu, amekuja kunitazama mimi." Neno "mimi" ndilo muhimu, linawatoa wanafunzi hofu ya kupimwa.

Karakanani usikae. Simama ukutani, mbali na mashine, usizibe njia ya mlango wala ya kizimamoto. Wanafunzi wakishaanza kazi, zunguka polepole na usimame dakika mbili tatu kila meza.

Hatua ya 4: Andika unachokiona, na saa yake

Hapa ndipo kazi yote ilipo. Gawa ukurasa mara tatu: kushoto saa, katikati kilichotokea, kulia maswali yako. Safu ya kulia iache karibu tupu.

Andika ambacho kamera ingekinasa. Ukijikuta unaandika "amechangamka", "darasa limelala", "zana hazitoshi", simama ujiulize: nimeona nini hasa? "Darasa limelala" ni maoni. "Meza ya nyuma, 4 kati ya 6 wameweka kalamu chini, mmoja ameegemea ukuta" ni jambo lililotokea. La kwanza litaleta ubishi, la pili litaleta ukimya wa kufikiri.

Huu ni mfano wa ukurasa, wa somo la umeme wa majumbani. Mada ni taa moja inayowashwa na swichi mbili, kama ile ya kwenye ngazi. Wanafunzi 24, mbao za mazoezi 5.

*4:02 – Anauliza: "Nani anakumbuka swichi ya njia moja?" Mikono 3. Anajibu wa mbele kulia.*
*4:05 – Anachora mzunguko ubaoni. Amegeuzia darasa mgongo mpaka 4:09.*
*4:11 – "Tumeelewana?" Wote: "Ndiyooo."*
*4:12 – Anagawa mbao. Kila mbao watu 5, moja watu 4.*
*4:20 – Meza ya 4: mmoja anafunga waya, wanne wanatazama.*
*4:31 – Meza ya 2: swichi ya pili ikigeuzwa upande mmoja, ya kwanza haiwashi taa. Anafika, anachukua bisibisi, anafungua, anafunga upya mwenyewe. Hasemi kitu.*
*4:34 – Taa inawaka kwa swichi zote mbili. Makofi. Anaondoka.*
*4:36 – Mwanafunzi wa meza ya 2 anamuuliza jirani: "Kafanyaje?"*

Mstari wa mwisho una thamani ya somo zima. Tatizo la meza ya 2 ni la kila siku: waya uliotakiwa kwenda pini ya kati ya swichi umebadilishana na mmoja wa wale wawili wanaounganisha swichi na swichi. Mkufunzi aliliona mara moja kwa sababu amelifunga mara elfu. Lakini ujuzi ulibaki mkononi mwake. Aliyefundisha asingeweza kusikia lile "Kafanyaje?", alikuwa ameshageuka. Wewe umelisikia.

Ona pia kwamba hakuna neno "vibaya" popote kwenye ukurasa huo.

Kama jambo mlilochagua ni maswali, tumia mchoro wa ukaaji. Kila anayejibu, mchoree kijiti kwenye kiboksi chake. Anayejibu bila kuchaguliwa, nukta. Baada ya saa moja utaona vijiti vimerundikana kwenye meza mbili za mbele na upande wa mkono ambao mkufunzi anaupenda bila kujua. Usiseme kitu, mpe tu karatasi.

Kama ni muda wa kusubiri, hesabu kimoyomoyo "elfu moja, elfu mbili" tangu swali liishe mpaka mkufunzi aseme tena. Mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe, aliyesikiliza kanda nyingi za masomo ya sayansi, alikuta walimu kwa kawaida husubiri sekunde moja hivi. Waliposubiri 3 au zaidi, majibu yalirefuka, na hata waliokuwa wakinyamaza wakaanza kusema. Sekunde 3 za ukimya darasani kwetu ni ndefu kama foleni ya benki mwisho wa mwezi, ndiyo maana ni vizuri mtu mwingine akuhesabie.

Kuna mifumo mizito zaidi. Ned Flanders, naye wa Marekani, alikuwa na makundi 10 ya kauli za darasani, na mwangalizi anaandika namba kila baada ya sekunde 3. Ni kazi nzuri kwa tasnifu. Kwa kipindi cha Jumatano, vijiti na saa vinatosha.

Hatua ya 5: Usiingilie

Akikosea tarehe, akiandika fomula nusu, akimwita Neema kwa jina la Rehema, kaa kimya. Usitikise kichwa, usitabasamu kwa siri na mwanafunzi wa pembeni, usiinue nyusi. Wanafunzi wanakusoma wewe kuliko ubao. Ukimsahihisha mwenzako mbele yao mara moja tu, umemwondolea heshima ambayo hutaweza kumrudishia kwa muhula mzima.

Kuna jambo moja tu linalovunja sheria hii: hatari. Mwanafunzi anafungua mbao ya mazoezi na hakuna aliyezima swichi kuu. Msumeno wa mviringo unawashwa bila kinga. Nywele ndefu hazijafungwa karibu na mashine ya kutoboa. Hapo sema kwa sauti "Simama!", na umeme uzimwe. Heshima itafuatiliwa baadaye, kidole hakifuatiliwi.

Kosa kubwa la kitaaluma ambalo litaharibu kazi za wanafunzi, lisubiri mpaka wakiwa kwenye mazoezi. Kisha msogelee kwa sauti ya chini na umuulize: "Mwalimu, ile namba ya mstari wa tatu ubaoni, ni sita au tisa?" Atageuka, ataona, atarekebisha mwenyewe.

Hatua ya 6: Toka vizuri

Mlangoni ndipo kila mtu anaharibu. Mkufunzi anakufuata macho yamemtoka: "Eeh, umeonaje?" Na wewe, kwa ubinadamu, unasema "Safi sana, hongera." Kesho ukija na jambo la kurekebisha, atasema jana ulimdanganya, na atakuwa na haki.

Sema hivi: "Asante kwa kunikaribisha. Nimeandika kurasa tatu. Tuonane saa nane, nikusomee." Muda utajwe hapohapo. Asiyetajiwa muda halali usingizi.

Hatua ya 7: Kaa peke yako nusu saa

Soma kurasa zako zote. Piga mstari chini ya matukio matatu yanayohusu jambo mlilochagua, na kati ya hayo chagua moja. Kwenye mfano wetu ni 4:31. Mgongo ubaoni, "tumeelewana", mbao chache, yote yana maneno ya kusemwa, lakini hayatasemwa leo. Mtu hukumbuka jambo moja kutoka kwenye mazungumzo ya nusu saa. Ukimpa saba, atachagua mwenyewe lipi la kukumbuka, na atachagua lililomuuma.

Sasa unaweza kutoa fomu kwenye bahasha na kuijaza, ukinakili kutoka kwenye daftari. Ukiijaza darasani, macho yatafuata visanduku badala ya wanafunzi. Nilifanya hivyo mwaka wangu wa kwanza. Nilitoka na fomu iliyojaa vyema, kila kisanduku na tiki yake, na nilipoulizwa mwanafunzi yupi alikwama nikakosa jibu.

Hatua ya 8: Mazungumzo

Siku ileile, au kesho yake asubuhi. Zikipita siku tatu mtakuwa mnazungumzia kumbukumbu.

Mahali pasiwe chumba cha walimu, wala ofisi yako wewe ukiwa nyuma ya meza. Kaeni upande mmoja wa meza, karatasi katikati yenu.

Anza na saa: "Mwalimu, saa 4:31 niliandika hivi." Soma. Halafu nyamaza. Kunyamaza ni kugumu kuliko kufundisha, utahisi unataka kumsaidia. Usimsaidie. Kwenye mfano wetu atasema pengine: "Muda ulikuwa unaniishia." Hilo ni jibu la kweli na ni la thamani, maana linaonyesha tatizo halikuwa ukosefu wa mbinu. Alikuwa na mbao 5 na watu 24 na kengele inakaribia.

Uliza: "Yule kijana alifahamu ulichofanya?" Msomee 4:36. Nyamaza tena.

Ukifika hapo, mara nyingi suluhisho atalitoa yeye: "Ningemwambia yeye afungue, mimi nimwulize waya wa kati uko wapi." Liandike kwa maneno yake mwenyewe, likiwa na tendo ambalo jicho linaweza kuliona. "Nitashirikisha wanafunzi zaidi" haionekani. "Sitashika bisibisi ya mwanafunzi, nitaweka mikono nyuma na kuuliza swali" inaonekana, na inaweza kuhesabiwa.

Akikwama kabisa, ndipo umpe wazo lako, kama wazo: "Mimi likinitokea hilo huwa na..." Usimwambie "ulitakiwa". Neno hilo ni la mkaguzi.

Mpe karatasi. Ni zake. Usibaki na nakala bila kumwambia.

Hatua ya 9: Rudi

Wiki mbili baadaye, dakika 20 tu, kutazama jambo lile moja. Bila kurudi, yote ya juu ni ziara. Vyuo vingi vinaishia Hatua ya 8 kwa sababu ratiba ya uangalizi imeandikwa "kila mkufunzi mara moja kwa muhula". Bora wakufunzi wanne mara tatu kuliko kumi na wawili mara moja, hata kama ripoti ya mwisho wa muhula itaonekana nyembamba.

Ukipewa kazi ya kufundisha waangalizi wapya

Nusu siku inatosha kuanza. Usiwape mada za nadharia za kutwa nzima na chakula cha mchana. Watatoka na vyeti na hawatajua kuandika mstari mmoja.

Kwanza, waonyeshe video ya dakika 10 ya somo lako wewe mwenyewe, simu iliyowekwa juu ya kabati inatosha. Waambie wanafunzi mapema na uwaombe ridhaa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata kama isingekuwepo, sura ya mtu ni yake. Kila mmoja aandike kwa safu tatu. Kisha wabadilishane daftari na kalamu nyekundu, wakate kila neno la hukumu. Mara ya kwanza kurasa zitakuwa nyekundu kama karatasi za mtihani zilizosahihishwa. Rudieni video ileile.

Pili, watume wawiliwawili kwenye somo moja, bila kuongea, kisha walinganishe. Mmoja ataandika mikono 3, mwingine 5. Mjadala huo ni mafunzo bora kuliko mhadhara wako. Kama chuo chenu kinafuata MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, kipindi cha jumuiya ya ujifunzaji ndicho mahali pake, huna haja ya kuomba bajeti.

Tatu, mazoezi ya mazungumzo, watu watatu: mwenye somo, mwangalizi, na mshika saa anayeandika nani ameongea dakika ngapi. Mwangalizi akizidi nusu ya muda, warudie. Wengi hurudia mara tatu. Sisi ni walimu, tumeajiriwa kwa kuongea.

Mambo yakienda kombo

*Ninayetakiwa kumtazama ni mkubwa wangu, alinifundisha.* Usimpelekee barua. Nenda kwake mwenyewe, shikamoo yako mkononi, umwombe aje akutazame wewe. Akishakuja, mwambie: "Mwalimu, nami naomba nikae kwako nijifunze unavyofanya." Na ukikaa, ujifunze kweli. Kwenye mazungumzo soma matukio, muulize alifikiria nini wakati ule. Mtu mwenye miaka 25 ubaoni akisomewa saa na tukio, hahitaji kuambiwa lingine.

*Amekataa kabisa.* Muache. Anza na wanaokubali. Uliza kwa upole, siku nyingine, kilichotokea mara ya mwisho alipotazamwa. Karibu kila anayekataa ana kisa.

*Mkuu wa chuo anataka alama kwa asilimia.* Mpe idadi ya masomo yaliyotazamwa, mambo yaliyochaguliwa bila majina, na vifaa vilivyokosekana. Hilo la vifaa litamsaidia kuandika maombi: "mbao 5 kwa wanafunzi 24" ni hoja ya kuombea fedha kuliko "mkufunzi 62%". Akisisitiza alama, basi tathmini ya alama ifanywe na mtu mwingine, siku nyingine. Mtu yuleyule hawezi kuwa jicho na hakimu.

*Umeme umekatika katikati ya somo la umeme.* Endelea kuandika. Anachofanya mkufunzi dakika tano baada ya kukatika ni somo lake halisi. Kama amevunja kipindi, panga siku nyingine.

*Wanafunzi wananitazama mimi tu.* Dakika tano za kwanza ni kawaida. Inama, andika chochote, hata orodha ya sokoni. Watachoka.

*Sijui fani yake. Mimi ni wa ushonaji, yeye ni wa magari.* Una bahati. Hutaweza kubishana naye kuhusu gia, utabaki na wanafunzi tu. Usahihi wa mada mwachie mkuu wa fani.

*Amekasirika, au machozi yamemtoka.* Funga daftari. Usitetee ulichoandika, usiombe radhi kwa ulichokiona pia. Mwambie mtaendelea kesho, na kesho uende kweli. Ukisharudi nyumbani, soma upya ukurasa wako utafute neno la hukumu. Mara nyingi lipo moja lililokuponyoka.

*Nimegundua jambo zito: matusi, fimbo, au mkufunzi anayemsumbua mwanafunzi wa kike.* Hapo uangalizi umeisha. Andika saa na kilichotokea, na ulipeleke kwa mkuu wa chuo siku hiyohiyo. Usiahidi siri. Hili waambie wenzako wote mwanzoni kabisa, kabla hujamtazama yeyote, ili asiwepo wa kusema alihadaiwa.

*Hatuna muda, vipindi vimebana.* Tazama dakika 15 za mwanzo tu, au zile 15 ambazo vifaa vinagawiwa. Kipindi chako na chake vikigongana, ombeni mratibu wa taaluma abadilishe kimoja mara moja kwa mwezi. Akikataa, mwombe aje atazame yeye.